Nirudi Windows au Nibaki Linux? Mjomba Kagoma Kushuka

Mama Paskalia, shikamoo. Kabla sijakueleza linalonisibu nataka ujue kwanza unaandikiwa na mtu wa namna gani, usije ukadhani ni hawa vijana wa kulialia wanaokujazia ukurasa kila Jumapili kwa sababu wameachwa. Mimi ndiye kichwa kuliko vichwa vyote kutoka stendi ya Msamvu mpaka kilele cha Lupanga, nimeishia kidato cha pili kwa sababu walimu walishaishiwa ya kunifundisha, na kompyuta ikiwa imekufa kabisa, wenyewe wameshaifunika shuka kama maiti, mimi nikiingia tu mlangoni inapiga mlio kunisalimia. Wasomi wa chuo cha Mazimbu wenye vitabu vizito kama tofali wakikwama wanakuja kusimama kwenye kaunta yangu hapa Mafiga, wananiita Injinia, na mimi siwasahihishi kwa kuwa hawajakosea.

Sasa naomba msaada wa kuchagua, na tafadhali usicheke, maana siyo kuchagua kati ya wasichana wawili, hilo ningelimaliza mwenyewe kabla ya chai, ni kuchagua kati ya Windows na Linux. Kwa wasomaji wako ambao kompyuta wanaiona tu kwenye ofisi za watu, niwaeleze kwamba kila kompyuta ina programu moja mama, ndiyo inayoiamsha na kuiambia hiki ni kioo, ile ni printa, huyu ni Dadi, yaani mimi, msikilize. Bila hiyo ni sanduku la kuwekea chupa za soda. Walio wengi wanatumia Windows. Wachache wanatumia Linux, na hao wachache ukikaa nao hawazungumzi habari nyingine, ni kama watu waliookoka jana.

Kompyuta yenyewe tulipewa na mjomba wetu, Mzee Hatibu wa Kinole, kaka yake mama, mtu wa ndizi na pilipili manga. Enzi zile mazao yalikuwa na mnunuzi mmoja na bei moja, mjomba naye alikuwa na kanzu moja. Tangu biashara ifunguliwe kila mwenye gari anapanda Kinole kununua, na mjomba amefunguka pia. Siku moja kashuka na mzigo wa ndizi akakuta kompyuta za mtumba kutoka Ulaya zimepangwa juu ya turubai kando ya barabara kama viatu, akasimama, akazitazama, akaniambia, "Mpwa wangu, sisi tulipanga foleni kutwa kwa kipande cha sabuni tukarudi na harufu yake tu. Leo kompyuta imekaa chini vumbini inaomba mnunuzi. Haya, chagua moja." Nikachagua. Akasema ni ya watoto wa dada yake, yaani mimi na dada yangu Mwanvita, akapanda gari akarudi mlimani bila hata kuiona ikiwaka.

Tukafungua steshenari, kuchapa barua, kutoa kopi, kutengeneza kadi za harusi na za kicheni pati, dada anachapa kwa vidole vyote bila kuangalia kibodi, mimi nachapa kwa viwili lakini vyenye akili. Tulikuwa tunatumia Windows, ile ya kwenye CD za kopi zinazouzwa mezani pamoja na taarabu na mahubiri, na isingekuwa na tabu kama si wanafunzi. Mwanafunzi anakuja na flash iliyobeba virusi kuliko mbu wa Turiani wakati wa mpunga, anaichomeka kabla hujamkaribisha, folda zinaanza kuzaana zenyewe, kompyuta inahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia, basi mimi nafuta kila kitu napiga window mpya. Kila mara napiga window mpya. Kuna juma nilipiga window nyingi kuliko fundi wa aluminiamu.

Hapo ndipo akaja Kelvin, mwanafunzi wa Mazimbu, kijana wa Mbeya, mrefu, anavaa ndala mpaka kwenye mtihani. Akanikuta nimeinamia mashine.

"Injinia, unauguza tena?"

"Flash zenu hizo," nikamwambia. "Mnatoka nazo chuoni zina mimba."

"Hamia Linux. Virusi vya flash zetu humo havioni mlango. Tena ni bure kabisa, CD ninayo begini."

"Cha bure hapa Morogoro ni mvua tu."

"Na baridi ya Juni," akasema, akaiweka CD juu ya kaunta.

Mama Paskalia, sikatai, ile kitu niliipenda. Lakini dada Mwanvita alikuwa ameshaniambia mapema, siku alipokuwa anamaliza kutengeneza kadi za harusi yake mwenyewe, kwamba, "Wewe Dadi, wewe, usiiguse hii mashine mpaka kadi zangu zitoke. Nakujua." Nikamwambia, sista, unaongea na Injinia. Kisha akawekwa ndani kwa somo wake kufundwa, kama ilivyo desturi, haruhusiwi kuonekana dukani wala barabarani, na duka lote likabaki mikononi mwangu, na kadi zimehifadhiwa kwenye flash, na CD ya Kelvin iko mezani inanitazama. Nikaweka Linux. Nilifuta Windows yote nikaweka Linux peke yake, maana mimi mambo ya nusu nusu siyawezi.

Na ilikwenda, nakuambia. Inawaka haraka, wanafunzi wanachomeka flash zao na vile virusi vinakaa humo vinashangaa kama wageni waliokosea nyumba, mimi nakunja nne naagiza kahawa. Nikatangaza Mafiga nzima kwamba steshenari ya Dadi imeachana na Windows. Tatizo likaja kwenye kadi.

Hapa lazima nikueleze mila, maana jina lako linaonyesha wewe siyo mtu wa huku. Kwa dini walii wa dada, yaani mwenye kumwozesha, ni baba, na baba yetu Mzee Yusuph yupo, mzima kabisa. Lakini sisi Waluguru ukoo, ambao kwetu tunauita lukolo, tunauchukua kwa mama, na mkubwa wa lukolo ni mjomba. Binti haolewi mjomba hajatamka neno, na siku ya harusi mjomba ndiye anayesimama mlangoni kumtoa ndani. Yeye asipofika, wakubwa wa lukolo hawafiki, na bibi harusi atakaa humo na hina yake mpaka ifutike. Kwa hiyo dada alipoitengeneza kadi, baada ya majina ya wazazi na siku na mahali, mstari wa mwisho kabisa aliandika hivi: Kwa idhini ya mjomba wa bibi harusi, Mzee Hatibu wa Kinole. Aliuandika kwa ule mwandiko wa mapambo, wenye mikia iliyojikunja kama ya kinyonga.

Nilipoifungua kadi ndani ya Linux, ule mwandiko wa mikia haukuwamo, ikaweka herufi nyingine pana za serikali, maneno yakavimba, kadi ikajaa, nikaprinti, zikatoka zinang'aa, mzigo mzima, na mstari wa mjomba hamna. Umemezwa. Zuhura, dada yake bwana harusi, alikuwa pale kaunta anazisubiri, akazichukua zikagawiwa, upande wao na upande wetu.

Ya mjomba aliipeleka mama mwenyewe, na haya aliyonisimulia ndiyo ninayokuandikia. Kule Kinole kadi ya mtoto wa ukoo haisomwi kimya kimya. Mjomba aliwaita wakubwa wa lukolo, wakakaa kwenye mikeka, yeye mwenyewe kavaa kofia mpya, akampa kadi Mwalimu Furaha wa shule ya msingi aisome kwa sauti. Mwalimu akasoma majina ya wazazi, akasoma siku, akasoma kwamba chakula kitakuwa nyumbani Mafiga, akaishusha kadi.

"Endelea, mwalimu," mjomba akamwambia.

"Imeishia hapo, mzee."

"Igeuze."

Akaigeuza. Nyuma ni nyeupe.

"Basi isome tena, taratibu. Labda umeruka."

Akaisoma tena, taratibu, mpaka kwenye chakula. Mjomba akainuka, akajifunga vizuri msuli wake, akasema, "Mmesikia wote. Mtoto ana watu wake wa kwenye karatasi. Mimi nina ndizi za kukata." Akaenda shambani na kofia yake mpya.

Tangu siku hiyo hajashuka. Simu hapokei, mama amerudi mara ya pili akaambiwa mzee yuko shamba la juu, na wakubwa wa lukolo wanasema wao hawana neno, neno ni la Hatibu. Harusi imesogezwa, imesogezwa tena, dada yuko ndani kwa somo, hatoki, haolewi, na upande wa bwana harusi wameanza kuuliza kama sisi tuna binti au tuna kadi. Juzi Zuhura alipita dukani, akaniambia kwamba kaka yake atasubiri mpaka mwezi uandame, asipopatikana mjomba kabla ya hapo wazee wao watakuja kuchukua posa yao. Alisema bila hata kunitania, na yeye huwa ananitania.

Nyumbani wote wameikasirikia Linux. Baba amesema, "Toa huo mdudu humo ndani, rudisha ile ya zamani." Mama alimkuta Kelvin kaunta akamwambia, "Mwanangu, wewe ni mtoto wa watu na sitakutukana, ila usikanyage tena hapa." Kelvin akajitetea, akasema, "Mama, shikamoo, nisikilize, Linux haifuti maneno. Kadi ikijaa inasukuma mstari kwenye ukurasa wa pili, Injinia angeuona kwenye kioo." Nikamkatiza. Nikamwambia, "Wewe msomi, unaitetea kwa sababu umeileta," na watu waliokuwa wanatoa kopi wakacheka, akaokota begi lake akaenda.

Sasa nipe ushauri. Nikirudi Windows nyumbani watafurahi, mwandiko wa mikia utarudi, printa itanitii, lakini virusi navyo vitarudi na kila juma nitakuwa napiga window kama mtu wa adhabu. Nikibaki Linux kazi inakwenda, lakini kila anayepita hapa nje anasema ndiyo hiyo, ile iliyokula jina la mzee. Mafundi wa mjini nimewauliza, mmoja akasema Windows, mmoja akasema Linux, wa tatu akaniuliza kama hiyo mashine nauza. Wewe watu wanakusikiliza, hata mama anakukata gazetini anakubandika ukutani. Ukisema moja, nitaweka hiyo hiyo na mjomba ataambiwa kwamba mdudu ameondolewa au kwamba mdudu hana kosa, na labda atashuka. Jina langu ukiweza lifiche, weka Injinia wa Mafiga, watu watadhani wako wengi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu, nakuambia wewe kwa sababu hunijui sura. Mstari haukumezwa. Ulishuka ukurasa wa pili, ukakaa peke yake juu kabisa, kama Kelvin alivyosema, na niliuona. Nilijaribu kupunguza herufi, lile ua la pambo la pembeni ya kadi likahama likakaa juu ya jina la bwana harusi, nikarudisha, likaenda upande mwingine, na Zuhura kasimama pale ananiangalia, na mimi nilikuwa nimeshamwambia kwamba kompyuta ya kunishinda bado haijatengenezwa. Kwa hiyo mstari mmoja ulikuwa lazima utoke ili kadi itoshe. Nikafikiri. Sitasema sikufikiri. Nikaona nikitoa jina la baba, baba atanipiga, nikitoa la mchumba, Zuhura atalia pale pale, nikaufuta ule wa chini kwa kidole changu, na nilipokuwa naufuta nilijisemea moyoni: mjomba hajui kusoma.

Injinia wa Mafiga

*

Mama Paskalia anajibu:

Marahaba, Injinia. Barua yako ilipofika hapa tuliisoma kwa kupokezana, tukacheka kurasa zote isipokuwa ya mwisho. Majina nimeyabadilisha, la kwako, la dada, la mjomba, na la huyo kijana wa ndala pia. Wenyewe mtajijua, hilo sina dawa nalo.

Umekosea kudhani sizijui mila zenu. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Babu zangu walipita chini ya milima yenu na mizigo kichwani wakienda pwani, mkawauzia maji, na tangu hapo ni watani. Kwa hiyo nitakayokuambia leo huna pa kunishitaki, na habari za ujombani kwenu nilizijua kabla hujaota meno.

Tuanze na lile dogo ulilolifanya kubwa. Kompyuta mimi sizijui. Nimemwuliza kijana anayepanga kurasa za gazeti hili, akashangaa kwamba Injinia mzima hajui: mashine moja inabeba zote mbili. Unaigawa diski mafungu mawili, huku Windows, huku Linux, na kila ikiwaka inakuuliza unataka kuingia wapi. Flash za wanafunzi zifungulie kwenye Linux. Kazi iliyoanzia Windows imalizie Windows, na hiyo Windows itafute ya halali, uachane na ile ya kwenye meza ya taarabu. Kabla hujaigawa diski, kazi za watu zihifadhi pembeni. Na kadi yoyote, itoke upande wowote, itoe moja kwanza, mwenyewe aishike mkononi aikubali, ndipo utoe mzigo. Wateja wako hawaji kununua Windows wala Linux. Wanakuja kununua karatasi iliyoandikwa walichokisema.

Ungeniuliza hayo tu ningekuwa nimemaliza, niendelee na mama wa Kihonda ambaye mumewe amehamishia godoro kwa jirani. Lakini umeniuliza hayo ili nikupe cha kwenda kumwambia mjomba, na hicho sikupi.

Ulihitaji mshitakiwa asiye na mdomo, ukaipata programu. Haina mama, haina ukoo, haitakuja kugonga mlango wenu kudai heshima yake. Kisha akatokea mwenye mdomo, Kelvin, akausema ukweli mbele ya mama yako, ukamfokea mpaka watu wakamcheka. Yule kijana alikuja dukani kwako na msaada begini. Ameondoka na jina baya.

Na usijidanganye kwamba mnachogombania ni mstari. Mstari unachapwa tena kesho asubuhi. Uliwapima watu watatu, ukatafuta ni nani unaweza kumuumiza wewe usiumie, ukamwangukia aliyekununulia hiyo mashine. Mzee hajui kusoma, sawa, wengi wa rika lake hawajui, shule yenyewe waliisikia kwa jirani. Hukufikiri hatua inayofuata. Asiyejua kusoma husomewa, na husomewa mbele za watu. Msomi angeifungua kadi ile chumbani peke yake, akaumia peke yake, akatoka akasema nimeiona, ahsante. Mjomba wako aliwaita wakubwa wote waje wasikie jina lake, akavaa na kofia.

Pole nakupa, moja tu, maana inakustahili. Ulikuwa unatazamwa na msichana. Wazee wenye mvi wamefanya makubwa kuliko hayo wakitazamwa na msichana, na wengine leo wana vyeo. Tena umesema kwamba ulifikiri. Wengi wanaoniandikia hudai shetani alishika mkono. Wewe umeniandikia kidole ni chako, na hapo ndipo ninapokushikia.

Sasa sikiliza, na usinipindue.

Kesho duka lifungwe. Nenda kwanza kwa dada yako. Somo wake hatakuruhusu uingie, basi kaa nje ya mlango useme kwa sauti asikie, maana yeye ndiye anayetumikia kifungo cha kidole chako. Akikutukana, itikia. Ukitoka hapo mwambie mama, na baba akiwepo asikie pia. Mama atapiga kelele. Usimjibu, usimwambie "lakini mama." Akishamaliza, mpigie Kelvin simu mama akiwa hapo hapo, umwambie alikuwa na haki, na mama mwenyewe atajua la kufanya kuhusu kumkaribisha tena.

Ndipo mpande Kinole, wewe na mama. Mtafuteni mtani wa ukoo wenu awatangulie, hapo Mafiga hamkosi Mnyamwezi. Mzee aliyekasirika anaweza kumfungia mlango dada yake na mpwa wake, ila mtani ataingia mpaka jikoni, atamwuliza kama ndizi zinakatwa mpaka usiku siku hizi, na mzee atakaa. Usimtume Mwalimu Furaha akusemee. Usitangulize barua, kwa sababu unajua mwenyewe itasomwa na nani.

Ukifika, shikamoo, kaa chini kwenye mkeka, kiti hata ukipewa ukatae. Omba waitwe wakubwa wale wale walioisikia kadi. Wakishakaa, sema kwamba jina la mjomba liliandikwa, dada yako aliliandika kwa mkono wake, wewe ukaliona, ukalifuta. Linux isitoke kinywani mwako. Windows isitoke. Hakuna mtu Kinole mwenye ugomvi na hizo.

Mjomba atakuuliza kwa nini jina lake na siyo la mwingine. Hilo swali litakuja, wazee hawaliachi. Mjibu lile la mwisho uliloniandikia, kama ulivyoliandika, bila kulivika nguo. Ukilificha utakuwa umepanda mlima kunyoosha miguu, na dada yako atabaki ndani.

Anaweza kukufukuza. Akikufukuza teremka, kesho yake panda tena, na usirudi dukani katikati. Siku zilizobaki kabla ya mwezi kuandama zinatosha kupanda na kushuka ukiacha kujisifu njiani. Faini akikutoza, ya mbuzi au ya kazi ya shamba, ipokee kwa mikono miwili na ushukuru, maana mtu anayekutoza faini bado anakuhesabu wa kwake. Ukilima kwake msimu mzima hiyo mikono yako ya vidole viwili itajifunza vingine.

Kadi mpya usipande nayo. Nakujua, umeshaanza kuifikiria, ing'ae, jina lake likae juu kabisa kwa mwandiko wa mikia, umwonyeshe alainike. Karatasi imeshamsemea mara moja bila kumwuliza. Iache mjini. Siku atakayotamka neno la kumtoa dada yako, ndipo umwulize kama analitaka jina lake kwenye kadi, likae mahali gani, na liandikwe vipi, la kwake tu au na la lukolo. Ukishauliza, funga mdomo usubiri ajibu.